Uzoefu wangu: huduma ya kusindikizwa na kutetewa kliniki ukiwa na homa ya ini B (London)

Natumia hii huduma tangu mwaka juzi na naona wengi wetu hapa Uingereza hawajui kama ipo. Ni shirika dogo la wahamiaji mashariki ya London, wanakupa mtu wa kwenda na wewe hospitali na kukusemea kama una VVU, homa ya ini au TB, hulipi hata senti. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Mimi nina homa ya ini B. Nilienda emajensi kwa ajili ya mguu, kumbe London tangu Aprili 2022 ukitolewa damu emajensi wanapima na VVU, homa ya ini B na C humohumo, labda ukatae. Majibu yalivyokuja nilichoogopa kwanza ni viza na kazi, ini lenyewe baadaye, maana kwetu hii kitu tunaijua kwa watu wanaokwenda kufanya kazi Oman na Saudia, mtu anapimwa akikutwa nayo safari imekufa na mtaa mzima unajua.

Nesi ndiye alinipa namba yao. Nikapokelewa na mama mmoja Mkongo wa Bukavu ambaye naye anaishi nayo miaka mingi na hafichi. Hakuniuliza nimeipataje, aliniuliza nyumbani naishi na nani. Akanieleza wengi wetu tumeipata utotoni, kwa mama wakati wa kuzaliwa au miaka ile ya mwanzo, kichanga akiambukizwa kama tisa kwa kumi inabaki naye maisha, mtu mzima mara nyingi mwili unaitoa wenyewe. Akayarudia hayohayo kwa mume wangu, tena sebuleni kwetu, na jamani hapo ndoa yangu ilipona maana maswali yalishaanza. Mume na watoto wakapimwa, hawana, wakachanjwa bure. Vikombe na sahani tunatumia pamoja kama zamani, haipiti huko, ila wembe na mswaki kila mtu na wake.

Kwa GP, yaani kliniki ya daktari wa mtaa, ndio nilimkubali huyu mama zaidi. Resepsheni wanataka pasipoti na karatasi za ukaazi ndio waniandikishe, na mimi maombi yangu bado hayajajibiwa. Mama akatoa mwongozo wa NHS wenyewe, yaani huduma ya afya ya serikali hapa, unaosema huhitaji kitambulisho wala kibali kujiandikisha kwa GP, akaongea taratibu bila kugombana na mtu, wakaniandikisha palepale. Akaniambia matibabu ya homa ya ini na TB hospitali za England hayatozwi hata kama huna makaratasi, na VVU nayo iliingizwa humo Oktoba 2012. Kwenye viza wanachopima ni TB, hii haimo. Na kazi yangu ya kutunza wazee haiguswi, masharti yapo kwa wanaofanya upasuaji na mambo kama hayo.

Halafu daktari akasema kwa sasa sihitaji dawa! Mimi nikajua tayari wananinyima kwa sababu ni mgeni. Mama akamwomba anionyeshe namba zangu moja moja, wingi wa virusi, hali ya ini, aeleze zikifika wapi ndio naanza, kwa hiyo nikaelewa kwamba si kila mwenye nayo anaanzishwa dawa, ila damu na altrasaundi kila miezi sita lazima. Baadaye namba zilipanda nikaanza tenofovir, kidonge kimoja kwa siku. Zile dawa za kusafisha ini zinazouzwa kwenye magrupu ya WhatsApp alinikataza kabisa.

Kuhusu wakalimani someni vizuri. Waswahili wa hapa tunajuana, unaweza kuletewa mtu mnayesali naye, na wapo walioacha kliniki kwa hilo tu. Hawa wanakuombea mkalimani wa simu wa mji mwingine, jina lako halitajwi. Na hawakubali mtoto wa shule amtafsirie mama yake, niko nao asilimia mia.

Ile nyota moja sasa. Wanafungua mchana tu siku za kazi, sisi wa shifti tunafanyaje? Anayeongea Kiswahili ni huyo mama peke yake, akienda likizo unakwama. Kikundi chao cha wagonjwa kinakutana Jumapili asubuhi watu wako kanisani. Na vipeperushi vyao vya Kiswahili vyote ni vya VVU, homa ya ini hakuna hata kimoja, wakati WHO wanasema mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa nayo hii B na waliokuwa wamepimwa wakajulikana ni asilimia 13 tu. Hilo linaniuma kweli, nimewaambia na nimejitolea kuwaandikia.

Ukitaka huduma kama hii muulize nesi wa kliniki ya ini hapo unapotibiwa, waliopo karibu na wewe anawajua. Nenda na kadi za chanjo za watoto, na suala la mkalimani wa mbali liseme mapema, usisubiri siku ya miadi.