Kisanduku cha Maiki Mbili Mbele ya Nyatiti

Haya, karibuni tena. Leo mezani kuna kisanduku cha kurekodia, kile kinachokaa kati ya maiki na kompyuta. Nembo nimeifunika kwa tepu, maana hakuna aliyenilipa.

Kina matundu mawili ya maiki, swichi ya volti 48 kwa maiki za kondensa, zile zinazohitaji umeme ili zifanye kazi, na umeme kinavuta kupitia waya wa USB. Hapa Nyalenda, mtaani Kisumu, hilo si dogo: stima ikipotea, laptopu ikiwa na chaji kazi inaendelea. Sauti ni safi. Kwa gitaa la benga, ule muziki wa dansi wa Waluo, sina lawama; mpigaji mmoja anaweka solo, anarudi anaweka ridhimu, kisha besi, ukisikiliza utaapa ni bendi nzima. Kwa kazi kama hiyo, mpiga gitaa Les Paul kule Marekani alipelekewa mashine ya kurekodia ya Ampex ya traki nane mwaka 1957, nayo ilikuwa kubwa kama kabati. Hiki naenda nacho begani.

Sasa tazameni mguu wa huyu mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo. Kwenye kidole gumba ana pete ya chuma, oduong'o, anayogongea ukingo wa chombo. Kifundoni kuna gara, zile njuga. Mikono iko kwenye nyuzi nane, na bado anaimba. Sikilizeni kipande hiki, nyuzi peke yake, sauti ikaongezwa baadaye. Imepoa, sivyo? Mguu ndio unaomshikia mwendo. Na hiki hapa, vyote kwa pamoja. Eh!

Kwa hiyo maiki moja mdomoni, nyingine chini karibu na oduong'o. Gara zikilia taa inawaka nyekundu, sauti inapasuka. Usihangaike na kompyuta, sogeza kigoda nyuma kidogo. Wazee wa santuri walijipanga hivyohivyo mbele ya maiki, mwenye kelele akasimama mbali. Dakika nazo ziliwabana, ndiyo maana benga nyingi kwenye santuri za mizunguko 45 kwa dakika zina sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande wa pili. Huyu wangu hana wa kumkata, labda mvua kwenye mabati.

Je, ununue? Kama ni wewe na gitaa lako, nunua bila wasiwasi. Lakini kama una kikundi chenye orutu (fidla ya uzi mmoja), ngoma na waitikiaji, weka akiba kwanza, utafute cha matundu manne au zaidi.