Tahadhari kwa wenye Peugeot 504: kuna fundi wa "gasketi imeungua" anazunguka Dar

Wenye Pijo za zamani mlioko Dar na Pwani, naomba msome haya kabla hamjamkabidhi mtu funguo.

Gari langu ni 504 ya mwaka 1979, ya petroli, injini ya cc 1971. Alilinunua baba, akaniachia. Mwaka huu lilianza kuchemsha kwenye foleni. Barabara kuu mshale wa temperecha unatulia katikati, lakini nikifika Buguruni nikasimama dakika kumi, unapanda mpaka kwenye nyekundu. Foleni ikifunguka, gari likapata upepo, mshale unashuka wenyewe. Ishikeni hiyo, maana jibu lote lilikuwa hapo na mimi sikuliona.

Nikampata bwana mmoja anayejitangaza mtandaoni kwamba ana spea halisi za Peugeot kutoka Ufaransa, na ufundi anaujua yeye mwenyewe. Alikuja mpaka nyumbani. Mtu nadhifu, maneno laini, kila baada ya neno "bosi wangu". Hakuniuliza gari linachemsha likiwa wapi, likitembea au likisimama. Alifungua boneti, akagusagusa, akaniomba lita tano za maji kutoka ndani. Niliporudi na ndoo, mfuniko wa rejeta ulikuwa umeshafunguliwa na oili inaelea juu ya maji.

"Bosi wangu, gasketi ya silinda hedi imeungua. Ukiliwasha tena, injini inakufa."

Gasketi hiyo ni kizibo chembamba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloku, yaani mwili wake; ikiungua, maji na oili huweza kuchanganyika. Niliogopa. Nilipiga picha ile oili kwa simu, nikamtumia kaka, tukakubaliana hakuna namna. Nikatoa laki nne na nusu za seti ya gasketi "orijino" na laki tatu za ufundi. Siku ileile akafungua hedi chini ya mwembe, jioni akafunga, akachukua hela yake akaondoka.

Siku ya tatu, foleni ileile, gari likachemsha tena. Safari hii nilipochomoa dipstiki, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikampigia. Bila hata kuja kuliona akasema bloku imepasuka, na kwa bahati nzuri anayo injini nyingine ya milioni mbili na laki nane, nusu nitangulize. Kama sina uwezo, atanisaidia kuliondoa hilo "chuma chakavu" kwa laki sita.

Hapo ndipo akili ilinirudia. Gari la baba yangu, bodi haina kutu, limetoka kuwa linatembea barabarani mpaka kuwa chuma chakavu ndani ya siku tatu, na anayelitaka ni huyohuyo aliyelifungua. Tangu hapo nimezungumza na watu wawili waliopitia kwake, mmoja mwenye Land Rover ya zamani na mwingine mwenye Mercedes W123. Habari ni ileile mpaka kwenye ndoo ya maji. Mwenye Mercedes alikubali kuuza kwa bei ya chuma. Gasketi ni mlango tu wa kuingilia, anachokitafuta ni gari lenyewe.

Nililivuta gari mpaka kwa mzee mmoja aliyetengeneza Pijo za serikali tangu miaka ya sabini. Baada ya shikamoo, swali lake la kwanza: "Mwanangu, kabla hajafungua, lilikuwa linachemsha likitembea au likisimama?" Nikamjibu. Akasema, "Basi kwanza tutazame feni."

Feni ya 504 haizunguki kwa nguvu muda wote. Ina sumaku ya umeme inayoishika pale tu maji yanapopata moto, na umeme wa sumaku hiyo unapita kwenye brashi ndogo ya kaboni. Brashi ikiisha, feni haishiki. Barabarani upepo unafanya kazi ya feni, kwa hiyo hujui kitu. Kwenye foleni upepo haupo, maji yanachemka. Mzee alivuta waya kutoka kwenye betri moja kwa moja mpaka kwenye brashi: kimya. Alipoitoa, ilikuwa imebaki kipande kidogo kama punje ya mchele. Akasugua brashi ya dainamo kwa msasa mpaka ikaingia, akapeleka umeme, sumaku ikashika: tak! Elfu tano. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya ugonjwa wangu wote.

Lakini injini ilikuwa imeshaumizwa. Slivu za 504, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni za kuchomoka, zimezungukwa na maji, na chini zimekaa juu ya sili. Ukishatoa hedi hakuna kinachozikandamiza tena, kwa hiyo fundi anayejua kazi huzibana kwa vyuma na boliti kabla ya kugusa chochote. Yule bwana alikuwa anazungusha krenki, shafti inayosukuma pistoni, kwa spana ili azisafishe pistoni, na slivu zikapanda pamoja nazo. Nilisimama pale namwangalia bila kujua ninachokiona. Sili za chini zikaharibika na maji yakashukia kwenye oili. Bloku ni nzima kabisa, mzee alinionyesha.

Na ile gasketi orijino? Tuliipima kwa rula. Matundu yake hayakufika hata milimita 87, wakati silinda za injini yangu zina upana wa milimita 88. Ni ya injini ndogo zaidi, na ukingo wake ulikuwa umejitokeza ndani ya silinda, umeungua mweusi. Kurekebisha yote hayo kumenigharimu milioni moja na laki nne.

Jambo lililoniuma kuliko yote liko kwenye picha niliyoipiga mwenyewe. Oili iliyokuwa inaelea kwenye rejeta ilikuwa ya dhahabu, safi, kama imetoka dukani. Oili ya injini yangu siku ile ilikuwa nyeusi tii. Aliimimina yeye nilipokwenda kuchota maji.

Kwa hiyo mtu akikuambia gasketi imeungua, mwache aseme huku umesimama naye, usitumwe maji wala soda. Chomoa dipstiki ulinganishe rangi. Kisha subirini mpaka injini ipoe kabisa, asubuhi ndiyo nzuri. Mfuniko wa rejeta ya moto usiuguse kamwe: maji yakiwa chini ya mgandamizo huvuka nyuzi 100 bila kuchemka, na ukifungua yanakurukia usoni. Injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, washa gari, tazama maji. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au mipira ya rejeta ikiwa migumu kabla injini haijapata hata joto, hapo gasketi ni ya kushukiwa kweli. Gereji zenye vifaa zina kimiminika cha bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta, kikigeuka njano moshi wa injini unaingia kwenye maji. Kipimo hicho hakihitaji kufungua hata boliti moja ya hedi.

Gari linalochemsha kwenye mwendo mkali au mlimani huku foleni linatulia, hilo angalia rejeta iliyoziba, wota pampu, au thamostati iliyokwama, yaani kile kivalvu kinachofungulia maji yapite injini ikipata moto. Thamostati unaipima jikoni: itumbukize kwenye sufuria ya maji, uyachemshe, nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90. Isipofunguka kabisa maji yakichemka, imekufa. Msikubali itolewe na kutupwa tu "ili maji yapite vizuri", hiyo inaficha ugonjwa.

Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa 504, kwenye vumbi na matope ya Afrika Mashariki. Mtu akikuambia Pijo haziwezi joto letu, ujue anataka kukuuzia kitu au kukunyang'anya kitu.

Namba zake mbili nilizokuwa nazo hazipatikani tena, na wale wenzangu wawili kila mmoja alitajiwa jina tofauti, kwa hiyo jina halitawasaidia. Mtamjua kwa ndoo ya maji, kwa "bosi wangu", na kwa ofa ya chuma chakavu inayokuja siku chache baadaye. Gasketi ile, boksi lake, picha na ujumbe wa malipo ninavyo, na jalada nimeshafungua polisi. Aliyefanyiwa kama mimi, hasa aliyeshauza gari lake, atunze kila risiti na ujumbe aliobaki nao, kisha anitafute twende pamoja.