Walihamisha barua, wakaacha ruhusa: uzoefu wangu na huduma ya kuhamisha barua pepe za ofisi

Huduma yenyewe ni hii: wanatoa barua pepe za ofisi nzima kwenye seva ya zamani na kuzipeleka kwenye seva mpya inayotumia Dovecot (programu ya seva ya barua pepe), bei kwa kila sanduku, na tangazo linasema wazi "pamoja na folda za pamoja". Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nitoe malipo ya awali.

Kwanza niwape haki yao. Masanduku binafsi yalifika salama, tarehe za barua hazikubadilika, viambatanisho vinafunguka. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota nne. Lakini ofisi inaendeshwa na folda za pamoja. Folda ya Zabuni iko kwenye sanduku la afisa ugavi, na karani, mhasibu na meneja wanaifungua kila mmoja kutoka kwake. Hapo ndipo walipovuruga.

Walitumia imapsync, programu nzuri ya kunakili barua kutoka seva moja hadi nyingine, ambayo sina ugomvi nayo. Waliizungusha kwa skripti, mtumiaji mmoja baada ya mwingine, bila kuruka folda za pamoja. Karani akiingia kwenye seva ya zamani anaona folda zake na pia shared/ugavi/Zabuni, yaani Zabuni ya afisa ugavi. Kwa imapsync hiyo ni folda kama nyingine yoyote, kwa hiyo inanakiliwa. Matokeo yake kila mwenye ruhusa ya kusoma Zabuni akapata nakala kamili ya kwake. Folda ya gigabaiti 6 inayosomwa na watu 20 inakula gigabaiti 120 za ziada, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba nakala hizo hazijuani. Karani anaweka barua ya mzabuni kwenye Zabuni yake, afisa ugavi haioni, na hakuna ujumbe wa kosa popote. Kila mtu anaamini yuko kwenye folda ileile.

Kinga yake ni fupi mno: --exclude "^shared/" kwa kila mtumiaji, yaani ruka folda zinazoanza na shared/. Zabuni itahama mara moja tu, pamoja na sanduku la mwenyewe. Na kabla ya kugusa chochote, --dry --justfolders ingewaonyesha orodha ya folda zitakazoundwa. Hawakuitazama.

Nilipopiga simu, kijana wa msaada akanijibu: "Barua zote zimefika, bosi. Hizo ruhusa ni mambo yenu ya ndani." Mambo yetu ya ndani! Folda ya pamoja isiyo na ruhusa ni folda ya mtu mmoja.

Imapsync haihamishi ruhusa isipoamriwa. Ipo --syncacls ya kuzihamisha, ila seva zikiwa za aina mbili tofauti mimi siiamini. Seva zinazofuata RFC 2086 ya 1997, kiwango cha zamani cha ruhusa za folda, zinatumia herufi c (kuunda) na d (kufuta), ambazo RFC 4314 ya 2005 ilizivunja kuwa k, x, t na e. Ukihamisha kibubusa, ruhusa ya kufuta inaweza kumwangukia mtu asiyestahili. Njia ya uhakika ni kuchukua orodha kwenye seva ya zamani kwa amri ya IMAP (lugha ambayo programu za barua huzungumza na seva), GETACL "Zabuni", kisha kuiandika upya kwenye mpya kwa doveadm, chombo cha kusimamia Dovecot:

doveadm acl set -u ugavi Zabuni user=karani lookup read write-seen insert

Baada ya hapo, doveadm acl get -u ugavi Zabuni kuhakiki. Ruhusa zikiwa sawa na karani bado haoni folda, angalia acl_shared_dict kwenye mipangilio ya Dovecot 2.3. Isipowekwa, Dovecot haijui ni nani amemshirikisha nani, na folda haitokei kwenye orodha. Ikishawekwa, doveadm acl recalc -u ugavi inaijaza.

Kuna jingine walilolipita kabisa: bila INDEXPVT (faharasa binafsi ya kila mtumiaji) kwenye location ya namespace ya shared, yaani mpangilio unaosema folda za pamoja ziko wapi, alama ya "imesomwa" ni moja kwa wote. Meneja akifungua barua, kwa karani nayo inaonekana imeshasomwa. Kwenye folda ya zabuni, hivyo ndivyo tarehe ya mwisho inavyopita bila mtu kujibu.

Baadaye walimleta fundi wao mwandamizi, na nikaanza kulegea. Huyo anajua kazi. Hakukimbilia kufuta nakala. Alianza na doveadm search -u karani mailbox shared/ugavi/Zabuni savedsince 2d, akazitoa barua zilizoingia baada ya uhamisho na kuzirudisha kwa ugavi, ndipo akafuta kwa doveadm mailbox delete -r -s. Namespace ya shared aliiwasha mwisho, na huo ndio mpangilio sahihi: ukiiwasha mapema, zile nakala zinafichwa nyuma yake, watumiaji hawazioni tena lakini zinaendelea kula diski. Nikasema basi, nyota tatu, yaishe.

Kisha wakanitumia bili ya "kazi ya ziada ya ruhusa". Ya ziada kwa lipi, wakati tangazo lao linazitaja folda za pamoja? Nyota moja. Na bado nimewaandikia kwamba salio silipi hadi wanipe matokeo ya acl get ya kila folda ya pamoja, yakiwa yamelinganishwa mstari kwa mstari na GETACL ya seva ya zamani kabla haijazimwa.