Elimu maalumu Texas: huduma nzuri, mlango mgumu

Mwanangu ana miaka saba, anasoma shule ya serikali hapa Texas, na tangu mwaka jana anapata huduma za elimu maalumu, za kusoma na za kuzungumza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nilipotafuta maelezo ya wazazi wenzangu kwa lugha yetu niliambulia patupu. Huduma yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Njia ya kuifikia naipa mbili, tena kwa hisani.

Mwanzo nilipigwa danadana. Kila nikiuliza shuleni kuhusu kumpima, jibu ni lile lile: tumpe muda, Kiingereza chake bado kichanga. Sawa, lakini nyumbani kwetu hakizungumzwi Kiingereza. Mtoto akitaka kijiko ananyoosha kidole. Kisa cha sungura na fisi anachosimuliwa na bibi yake kwa simu kila wikendi hawezi kukirudia hata nusu, na mdogo wake wa miaka minne anakimaliza. Hapo ndipo pa kutazama. Mtoto ambaye shida yake ni ugeni wa Kiingereza tu, Kiswahili chake hakiyumbi.

Sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, iliyoanza 1975 kwa jina jingine, inakataza mtoto kuhesabiwa ana ulemavu kwa sababu tu hajakijua Kiingereza. Kinga nzuri hiyo. Ila shuleni hugeuzwa kisingizio cha kutompima kabisa, wakati kupima ndiko kunakotenganisha mambo hayo mawili, na sheria hiyo hiyo inataka apimwe kwa lugha yake inapowezekana.

Jirani yangu Mkongomani, aliyepitia haya kabla yangu, ndiye aliyenifungua macho: "Mama, maneno ya mlangoni hawayahesabu. Andika." Kweli kabisa. Barua ya kuomba tathmini kamili ya elimu maalumu ikimfikia mkuu wa shule, hapa Texas wana siku 15 za masomo kukujibu: ama wakupe fomu ya ridhaa, ama wakatae kwa maandishi na waseme kwa nini. Ukishasaini, wana siku 45 za masomo kumaliza tathmini. Angalia vizuri, siku za masomo. Likizo ndefu ya kiangazi haimo, basi anayesaini shule zikikaribia kufungwa ajiandae kungoja.

Wenyeji wana sababu ya kulishuku neno "subiri". Kuanzia 2004 jimbo lilikuwa likizipima wilaya za shule kwa kigezo cha asilimia 8.5: wanafunzi wa elimu maalumu wakizidi hapo, wilaya inaharibikiwa alama. Gazeti la Houston Chronicle lililianika jambo hilo 2016, bunge la jimbo likapiga marufuku mwaka uliofuata, na Januari 2018 serikali ya shirikisho ikatamka kuwa Texas ilivunja sheria. Kigezo kimefutwa. Mazoea naona bado yapo.

Tathmini sasa, hiyo nasifu bila kinyongo. Alikuja mkalimani ana kwa ana, nami nikaruhusiwa kukaa pembeni. Mwanasaikolojia wa shule alimpa vipande vyekundu na vyeupe apange kufuata picha, na kijana akavipanga chapuchapu, hata hakuinua kichwa. Kisha ikaja zamu ya kurudia sentensi. Kwa Kiingereza alikwama. Mkalimani akamsomea za Kiswahili, akakwama vilevile, maneno mawili matatu kisha kimya huku anavuta ncha ya shati. Dada mmoja, mtaalamu wa matamshi wa shule, akaandika, akaandika tena. Mimi maswali yangu yalikuwa ya tangu ujauzito: alitembea lini, aliugua nini, alianza shule wapi.

Kufuzu ni maswali mawili. La kwanza, je, mtoto yumo katika mojawapo ya aina 13 za ulemavu zilizotajwa na sheria? La pili, je, kwa sababu hiyo anahitaji kufundishwa kwa namna ya pekee? Cheti cha daktari peke yake hakitoshi. Mtoto wa jirani yangu anacho cha ADHD, yaani shida ya kutulia na kuzingatia, lakini alama zake ni nzuri. Akapewa mpango wa Kifungu 504, wa sheria ya 1973 inayokataza kuwabagua wenye ulemavu, anaongezewa muda wa mtihani na anakaa mbele. Wangu hakuwa na karatasi yoyote ya hospitali, na akapita.

Kikao cha uamuzi, wanachokiita ARD, waliniletea mkalimani wa simu anayekatikakatika. Nikaomba kiahirishwe hadi apatikane wa kukaa nami mezani, wakakubali. Mkalimani ni wajibu wao, msiwabebeshe watoto wenu wakubwa kazi hiyo. Na usiposaini ridhaa ya huduma, hazianzi. Usipokubaliana na tathmini yao, unaweza kuomba nyingine ya mtaalamu wa nje kwa gharama ya wilaya, ingawa wilaya ina haki ya kulipinga ombi hilo kisheria.

Kwa wanaoogopa kwamba mtoto atatengwa: wangu yuko darasa la kawaida, huchukuliwa kwa vipindi vyake kisha anarudi kwa wenzake. Mpango wake wa elimu maalumu, wanaouita IEP, hupitiwa kila mwaka, na kila miaka mitatu wanatazama upya kama bado anafuzu.

Nyota niliyoinyima ni ya ripoti ya tathmini. Imekuja kwa Kiingereza kitupu, kurasa nene, jedwali juu ya jedwali. Kwa wasiojua Kiingereza, wilaya za Texas zinatakiwa zijitahidi kumpa mzazi mpango wa mtoto kwa lugha yake, kwa maandishi au kwa sauti. Nimeomba wa sauti kwa Kiswahili, nao wamesema wanashughulikia.