Gari lilikuwa linateleza nyuma kila mvua ikinyesha: uzoefu wangu na gereji tatu

Masika ya mwaka jana nusura nimwingize mama yangu korongoni. Tulikuwa tunashuka kutoka Lushoto, tumeshaipita Soni, tunaitafuta Mombo. Mvua ilikuwa rasharasha tu. Spidi 40, labda 45, kwa sababu barabara ile haina mchezo: mlima mkono huu, bonde mkono ule. Kwenye kona ya kulia nikaachia mafuta ili nipunguze mwendo, na papo hapo nyuma ya gari ikachomoka kuelekea kushoto. Sikukanyaga breki. Nilirudisha usukani, gari likayumba, likasimama mshazari katikati ya lami. Namshukuru Mungu hakuna lori lililokuwa linapanda.

Mama aliniuliza, "Mwanangu, hili gari lina nini?" Sikuwa na jibu. Kulipata kulinichukua wiki tano na gereji tatu Dar es Salaam, na hii ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza, maana naona watu wengi wanapita njia niliyopita mimi na kupoteza hela kama nilivyopoteza.

Gari ni Toyota Premio, inayovuta kwa miguu ya mbele. Gereji ya kwanza fundi hakuuliza chochote. Niliposema linateleza, akasema shokapu za nyuma zimekufa. Nikalipa 190,000 pamoja na ufundi. Mvua iliyofuata, pale pa kukata kuingia mtaani kwetu, nyuma ikateleza vilevile. Gereji ya pili wakasema ni alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawasawa, wakachukua 35,000, wakanipa karatasi yenye namba za kijani. Gari lilikuwa halivuti upande wowote hata kabla ya hapo, na matairi hayakuwa yameliwa pembeni. Leo najua kwamba hizo mbili ndizo dalili za alaimenti iliyoharibika. Siku ile sikujua, nikalipa na kushukuru.

Ya tatu ni sehemu ndogo upande wa Tegeta, wanashughulika na matairi na miguu ya gari tu. Ukaguzi wanatoza 20,000, na unalipa hata kama hawatatengeneza kitu. Mwanzoni niliona ni ghali kulipia maswali. Lakini maswali yale ndiyo yaliyolitibu gari langu.

Fundi alinikalisha kwenye benchi kabla hata hajaligusa gari. "Dada, linateleza mbele au nyuma?" Nyuma. "Ukiwa umekanyaga breki, umekanyaga mafuta, au umeachia?" Nikakumbuka kona ya Soni: nimeachia. "Mwendo gani?" Nikamwambia. "Maji yamesimama barabarani au lami imelowa tu?" Imelowa tu. "Lilianza lini, na kabla ya hapo ulibadilisha nini?" Hapo nikanyamaza kidogo. Nilikuwa nimenunua matairi mawili mapya mwezi wa pili, yakafungwa mbele. Kabla ya hapo sikuwahi kuona tatizo.

Akanieleza kitu ambacho nimekishika mpaka leo. Kuteleza kwenye maji kuna namna mbili. Namna ya kwanza gari linaelea: maji ni mengi, mwendo ni mkubwa, mifereji ya tairi inashindwa kuyatoa, tairi linapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi kama haupo. Namna ya pili tairi lipo chini kabisa, linaigusa lami, ila mpira wenyewe haushiki. Kwa spidi 40 kwenye lami iliyolowa tu, mimi sikuwa ninaelea. (Baadaye nilisoma kwamba NASA walilichunguza jambo la kuelea miaka ya 1960 kwa ajili ya ndege zinazotua kwenye njia zenye maji, wakaona kwamba mwendo wa kuanza kuelea unategemea sana upepo wa tairi. Kwa hesabu yao, tairi lisilo na mifereji lenye upepo wa PSI 32 linaanza kuelea kwenye kama kilomita 94 kwa saa. Upepo ukiwa 24, linaanza kwenye 82. Mnaokimbia Chalinze–Segera kwenye mvua kubwa, hilo ni lenu.)

Kisha akapima. Upepo kwanza, kabla gari halijapata joto: mbele 31, nyuma 26. Stika ya mlangoni upande wa dereva inataka 220 kPa, ambayo ni kama 32. Kwa hiyo nyuma palikuwa na upungufu, ila akasema huo peke yake hautoshi kuleta mambo niliyomsimulia. Akabonyeza kila kona ya gari kwa uzito wake na kuachia. Lilipanda mara moja likatulia, maana yake shokapu zinafanya kazi. Akapiga jeki, akazungusha kila gurudumu kwa mkono kuona kama breki ya nyuma inang'ang'ania bila kukanyagwa. Haikuwa inang'ang'ania. Akatikisa magurudumu kusikiliza kama bushi na bolijointi, vile viungio vya miguu ya gari, vimelegea. Kimya.

Halafu akaja kwenye matairi ya nyuma. Kashata, yaani vile vinundu vya mpira kati ya mifereji, zilikuwa zimebaki milimita 4. Kwa macho unaona ni matairi mazuri kabisa, na alama za kikomo zilizo ndani ya mifereji huwa kwenye milimita 1.6, kwa hiyo kila fundi aliyeyatazama aliyapitisha. Huyu akachukua tochi na kitambaa, akafuta ubavu wa tairi, akaniita nisome. Neno la kwanza: STUDLESS. Chini yake, kwenye kidude cha mviringo kama yai, namba nne: 4111. Wiki ya 41, mwaka 2011.

Matairi ya theluji! Yalikuja na gari kutoka Japani. Wajapani walipitisha sheria ya kuzuia matairi yenye misumari mwaka 1990 kwa sababu yalikuwa yanakwangua lami na kujaza miji vumbi, wakageukia haya yasiyo na misumari: mpira laini wa baridi, umechanjwa michano myembamba mingi kama ya wembe. Kwenye barafu yanafanya kazi nzuri. Kwenye lami yetu yenye joto, iliyolowa, yanashika vibaya kuliko tairi la kawaida, na yakizeeka ule ulaini wenyewe unaondoka. Aliniambia nibonyeze tairi la mbele kwa ukucha, kisha la nyuma. La mbele lilibonyea. La nyuma nilikuwa kama nabonyeza soli ya kiatu cha zamani.

Ndipo kona ya Soni ikaeleweka. Unaposhuka mlima na kuachia mafuta, uzito unahamia mbele na nyuma panakuwa pepesi. Mbele nina mpira mpya unaoshika, nyuma mpira mkavu wa miaka mingi. Mbele ikakata kona kama nilivyoamuru, nyuma ikakataa. Yale matairi mapya niliyoyanunua kwa ajili ya usalama ndiyo yaliyolifanya gari liwe la hatari, kwa sababu tu ya mahali yalipofungwa. Muuzaji aliniambia mapya yakae mbele kwa kuwa injini na usukani viko huko. Karibu kila mtu anasema hivyo. Lakini watengenezaji wa matairi wanashauri kinyume: ukinunua mawili, yenye hali nzuri yakae nyuma, kwa sababu mbele ikiteleza dereva wa kawaida anapunguza mwendo na gari linarudi, nyuma ikiteleza wengi wetu hatuwezi kulirudisha.

Kilichonifanya niwaamini ni hiki: hakuniuzia tairi siku ile, na anayo dukani. Alihamisha tu, mapya nyuma, ya zamani mbele, akajaza upepo, akachukua 10,000. Akasema, "Dada, endesha taratibu, mvua ikinyesha uniambie limebadilika nini. Tatizo likihama na matairi, ni matairi." Siku nne baadaye ikanyesha. Nyuma ikatulia kabisa. Ila sasa mbele, nikikata kona, gari likawa linataka kunyooka. Tatizo lilikuwa limehama. Nilirudi nikanunua mawili mengine, 165,000 kila moja, yaliyotengenezwa mwaka uleule niliyoyanunua, nikaomba yale ya zamani yachanwe ubavuni mbele yangu ili asije mtu akauziwa pale barabarani. Walifanya bila kunung'unika.

Mwezi wa 11 nilimpeleka mama tena. Vuli ilikuwa imeshika, mlima wote ukungu. Kona ileile, nikaachia mafuta vilevile makusudi, nikiwa na 35. Gari likazunguka kimya. Mama hakutambua hata kwamba ndiyo kona yenyewe.

Nyota ninawapa nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya foleni: fundi anayejua kuuliza ni mmoja, nilisubiri saa nne, na hawachukui miadi kwa simu. Risiti nayo mpaka uikumbushe. Ukienda, wahi asubuhi kabla jua halijachoma, upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi, na jitahidi kukumbuka gari lilianza lini na ulikuwa umekanyaga nini lilipokuchomoka. Atakuuliza.