Miezi mitatu kwenye kliniki ya sheria Lubumbashi: uzoefu wangu

Siku ya kwanza nilifika na koti jeusi, tai shingoni, na Kodi ya Familia (kitabu cha sheria za familia) kwapani kama mtu anayekwenda kutetea kesi ya waziri. Mama wa kwanza aliyekaa mbele ya meza yangu akaniita "Metre", cheo cha wakili aliyeapa. Sikumsahihisha. Mimi ambaye sijaapa kiapo chochote nikakubali cheo, nikakohoa kidogo, nikafungua kitabu.

Naandikia wenzangu wa sheria hapa mjini wanaouliza kama staji (mafunzo ya kazi) ya kliniki inafaa kula likizo yao. Nilifanya miezi mitatu, siku tatu kwa juma, na Jumamosi moja moja tulitoka kwenda Katuba au Ruashi kuwafuata watu huko huko kwao. Jina la kliniki silitaji maana nina malalamiko nayo, na watu niliowapokea nimewabadilisha kidogo wasitambulikane.

Neno lenyewe, kliniki, tumeliazima kwa waganga. Mwanafunzi wa udaktari hamalizi bila kumgusa mgonjwa. Sisi mtu anaweza kupata diploma na hajawahi kukaa uso kwa uso na mtu aliyenyang'anywa parseli (kiwanja) yake. Kwa hiyo pale mnakaa wawili wawili, mnapokea asiye na pesa ya avoka, yaani wakili, mnasikiliza, mnajaza fishi (fomu ya maelezo yake), na Metre msimamizi anasoma kabla hamjatoa shauri lolote. Mahakamani hamsemi, hiyo ni kazi ya walioapa. Kesi ikihitaji kufika huko, faili linapelekwa kwenye ofisi ya mashauri ya bure ya baraza la maavoka, ambayo iko kwenye sheria yao tangu 1979. Wengi mjini hapa hawajui kama hiyo ofisi ipo. Mimi pia sikujua, na nilikuwa nimefaulu mtihani.

Basi yule mama. Mume wake amekufa, matanga hayajaanuliwa, shemeji amekuja na fundi kupima parseli. Anataka mama atoke na watoto wanne. Nikamweleza vizuri sana. Nikasema Code de la famille inataja warithi wa première catégorie, ambao ni watoto, halafu yeye yuko katika deuxième catégorie, lakini kama conjoint survivant ana usufruit ya nyumba. Kila nikimaliza sentensi anaitika: "Ndiyo, Metre." Nikaona kazi imekwenda. Mwisho akakunja kitenge chake magotini, akaniangalia kwa huruma, akauliza:

"Sasa mwanangu, natoka ao sitoki?"

Metre alikuwa nyuma yangu muda wote. Akavuta kiti. "Mama, hautoki. Na huyu si Metre, ni mwanafunzi, bado tunamfundisha." Chumba kizima kilisikia.

Kisha akaanza upya, polepole, hakuna neno la Kifaransa. Aliuliza kwanza kama ndoa iliandikwa komini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mama akatoa cheti ndani ya mfuko wa sukari uliofungwa mara tatu. Kwa kuwa siku ya ndoa hawakuchagua namna nyingine, walichochuma pamoja kinakatwa katikati, na nusu ya mama haiingii kabisa kwenye urithi. Hapo ndipo wengi wanapoibiwa, kwa sababu familia inahesabu mali yote kuwa ya marehemu. Inayobaki, yaani nusu ya mume, robo tatu ni ya watoto. Robo moja ndiyo wanaingia mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Kwa hiyo shemeji yumo kwenye sheria, lakini yumo ndani ya ile robo, pamoja na wengine. Na nyumba waliyokuwa wanaishi, pamoja na vyombo vyake, mjane anaendelea kukaa na kuitumia.

Mama alikaa kimya. Halafu akasema: "Kumbe nyumba ni ya watoto, funguo ni zangu."

Nilisoma usufruit, haki ya kutumia mali ya mwingine, darasani saa nzima, sikuwahi kuielewa namna ile. Niliandika maneno yake kwenye fishi na Metre akanikataza kuyafuta.

Kuanzia hapo akanipa kazi ya nyumbani: maneno matano kila juma, niyaseme kwa Kiswahili hadi mtu asiyesoma aelewe bila kuuliza mara mbili. Niliyapima kwa bibi yangu Kamalondo, jioni tukila bukari. Prescription tulihangaika nayo siku mbili mpaka bibi akasema, "Si unasema tu, kesi imelala mpaka imekufa?" Caution ilikuwa ngumu zaidi, maana mjini watu wameshazoea kuiona kama bei ya kumnunua mtu atoke. Kuwaambia kwamba ni dhamana, na dhamana inapaswa kurudi mtu akiitikia wito kila anapoitwa, walinicheka. Sikuweza kuwalaumu.

Kama kuna kitu kimoja staji hii inauza, ni hicho. Sheria yetu imeandikwa Kifaransa, tunafundishwa kwa Kifaransa, na anayeumia anaongea Kiswahili. Panahitajika daraja pale katikati, na chuoni hatujengewi.

Pengo hilo nililiona zaidi siku tulipokwenda kasho, yaani mahabusu, sitasema la wapi. Kijana alikuwa ndani tangu Ijumaa mchana. Sisi tulifika Jumatatu saa nne. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 18, inasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na kuwekwa chini ya ulinzi kusipite saa 48. Kamata ya Ijumaa kila mtu anaijua, ni ili Jumamosi na Jumapili ziingie katikati. Metre hakugomba. Alimwomba afisa, kwa heshima zote, amsomee kijana maandishi aliyotia sahihi, lakini kwa Kiswahili. Afisa akaanza vizuri, jina, tarehe, avenyu. Akafika abus de confiance, kosa la kuvunja uaminifu, akakwama. Akajaribu, akacheka mwenyewe, akamwangalia kijana.

Kijana akasema: "Mimi nilikopa telefone tu, sijamaliza kulipa."

Deni, basi. Mtu hafungwi kwa deni. Mwenye kudai anakwenda kudai upande wa kesi za kiraia. Lakini ukilivalisha lile jina la Kifaransa linakuwa kosa la jinai, na aliyetia sahihi hajui ametia nini. Jioni alitoka. Pesa ambayo mama yake aliitoa Jumamosi "ya kuharakisha" haikurudi mpaka leo.

Sasa malalamiko. Staji hailipwi, hilo nilijua, ila hawakuniambia kama na usafiri ni wangu: taksi mbili kwenda, mbili kurudi, na Jumamosi za Ruashi zaidi. Fotokopi mara nyingi ni sisi. Msimamizi ni mmoja kwa wanafunzi tisa, kwa hiyo mtu anaweza kufika asubuhi na kungoja mpaka saa nane fishi yake isomwe, na mtoto mgongoni. Kwa mtu anayeuza sokoni hiyo ni siku nzima ya kula imekwenda. Tena anaambiwa alete hati ya kuonyesha kuwa ni maskini, na kuipata ni safari nyingine. Unalipa usafiri ili uthibitishe kwamba huna pesa ya usafiri.

Hayo nayasamehe. Hili hapana. Asubuhi moja aliletwa msichana wa miaka kumi na minne na shangazi yake, alikuwa amebakwa usiku uliotangulia. Sisi tulikuwa tumepewa mchana mmoja juu ya sheria ya 2006 ya ubakaji, vifungu na adhabu. Namna ya kukaa na mtoto kama yule, hakuna aliyetufundisha. Alisimulia, na fishi ilikuwa na nafasi tupu, nikamwomba arudie. Akarudia. Baadaye muuguzi mmoja alinieleza kwa ukali kwamba kwanza ni hospitali, ndani ya saa 72, kwa sababu ya dawa za kuzuia virusi, karatasi zitangoja. Tulimpeleka siku ile ile, lakini baada ya kumaliza karatasi. Ukienda kliniki yoyote, uliza siku ya kwanza: akija mtu wa namna hii, nani anampokea? Kama hawana jibu, usikae meza ya mbele.

Na mwisho wa miezi mitatu unaondoka, faili zinabaki. Shemeji wa yule mama aliitwa, akaja na wazee wawili, akapiga kelele, akakubali mama akae kwenye nyumba. Parseli ya pili, ile ya pembeni mwa mji, walikuwa hawajapatana nilipokabidhi faili kwa mwenzangu. Nimeuliza mara mbili, hajui.

Kwa maksi zetu za hapa, naipa 14 kwa 20. Wa mwaka wa kwanza asiende, atatisha watu na vitabu kama mimi. Anayetaka cheti cha kupamba CV pia asiende, cheti chenyewe kilichukua wiki saba. Nimeshakipata. Jina langu limekosewa herufi moja, nimelirudisha, nangoja.