Kolye za malakiti Lubumbashi: angalia kwanza uzi

Kwa benye kukusanya kolye za modele ya zamani, kuko fundi mumoja wa malakiti, ile jiwe ya kijani yenye shaba ndani, hapa Lubumbashi, upande wa Place de la Poste, kameza kadogo tu na taa, hana hata kibao cha jina. Nampatia nyota ine juu ya tano, ile moja nimeikata ntasema kule chini.

Jiwe yenyewe unaipata kila fasi mu muji, inatoka Kolwezi na Likasi, kila muuzaji wa mbele ya hoteli atakuambia yake njo ya kweli. Kenye kinanileta kwa huyu fundi ni vile anafunga uzi. Kila perle, ni kusema kila ushanga wa jiwe, iko na fundo yake, uzi wa hariri, anakaza na sindano mpaka fundo inakaa karibu kabisa na jiwe, na hapo perle hazikwaruzani, na siku uzi unakatika inaanguka moja paka ile moja, zingine zinabaki shingoni, haukimbize mawe chini ya viti vya kanisa. Malakiti ni laini bandugu, ugumu wake ni 3.5 mpaka 4 kwa kipimo cha Mohs, kile cha kupima ugumu wa mawe, perle zikigongana zinaisha pole pole kwa pembe za tundu. Bengine banapitisha tu nailoni ya kuvulia samaki ao lastiki, bei iko chini ni kweli, lakini hiyo si kolye ya kuachia mutoto.

Na modele zake ni zile zenye hazichoke. Iko ya shingoni kabisa, sentimita 35 mpaka 40, iko ya 45 yenye inakaa muzuri na nguo ya kola, na iko sotwari, ile mirefu ya kupita 70, yenye bamama banavaa juu ya kikwembe siku ya ndoa. Mimi napenda sana ile ya kushuka, perle kubwa iko katikati na zingine zinapungua kuelekea nyuma ya shingo, juu kuipanga ni kazi, fundi anapaswa kuchagua mawe karibu sawa kwa rangi na tofauti kwa ukubwa, na malakiti haina mbili zenye mistari sawa. Akipanga vibaya unaona paka matone, hakuna kolye.

Bengi banauliza juu ya nini tunakimbilia modele za zamani. Muangalie lulu. Mwaka 1917 Pierre Cartier, mufanyabiashara wa bijou, alitoa kolye ya lulu ya nyuzi mbili, ilihesabiwa dola milioni moja, akaongeza dola 100, akapata nyumba kubwa ya Fifth Avenue kule New York. Kisha lulu za kufugwa za Wajapani zikajaa sokoni, bei ya lulu ikaanguka vibaya, lakini modele ya nyuzi mbili na tatu haikuenda popote. Mwaka 1996 kolye ya nyuzi tatu ya Jackie Kennedy, bibi ya rais Kennedy wa Amerika, iliuzwa kwa mnada wa Sotheby's dola 211,500, na zilikuwa lulu za bandia! Ile bei ilikuwa ya shingo yenye ilivaa. Na sisi hapa tunaona malakiti kama kintu cha batalii, wakati Van Cleef & Arpels, nyumba ya bijou ya Paris, iko inauza kolye ya Alhambra toka 1968, yenye jani la pembe ine, na malakiti iko mu mawe yenye banatumia.

Fundi anafanya pia pandantifu za croisette, ile musalaba ya shaba yenye bazee ba Katanga balitumia kama feza, na ilikuwa mu drapo ya Katanga ya 1960. Muzuri kwa macho, lakini muombe akuwekee ndogo, kubwa inavuta uzi ya hariri, kwake bora ngozi ao mukufu wa shaba.

Sasa ile nyota. Bei haiandikwe. Anaangalia viatu vyako kwanza, kisha anasema. Kwa kolye ile ile mwenzangu aliambiwa bei mbili siku moja, ya kwanza akiongea Kifaransa, ya pili Kiswahili. Ongea Kiswahili. Na akisema kesho uhesabu juma nzima. Pia namuonea huruma, anakata jiwe kavu bila maji wala kitambaa kwa pua, na vumbi ya malakiti ni ya shaba, ni mbaya kwa mapafu, nilimuambia akacheka tu.

Kama unaogopa bandia, iweke shavuni: jiwe ya kweli ni baridi na nzito, plastiki inakaa vuguvugu. Mistari ikirudi sawa sawa kwa kila perle, acha. Kuvaa, parfum kwanza, kolye baadaye, na mbali na ndimu, siki, sabuni kali. Usafi ni kitambaa laini chenye maji kidogo, basi.

Beba pia kolye yako ya zamani yenye uzi umelegea, ya lulu ao ya glasi, anaifunga upya kwa bei ndogo kuliko mpya, na hapo unaweza kumuomba aongeze ao apunguze urefu, kama shingo ya bibi yako na yako hazilingane.